Maji Yasiyokuwepo

9 Juni

Kidoti, mdogo wangu,

Najua umeshasikia, maana habari mbaya ina miguu mirefu. Lakini nataka uipate kwangu mimi, si kwa watu. Simu nimeizima. Kila anayepiga anataka kusimuliwa, na mimi nimechoka kusimulia. Ndiyo maana nakuandikia kwa mkono, nawe nijibu hivyohivyo.

Jumatatu asubuhi nilikwamisha kivuko mchangani, kwenye mlango wa mto. Abiria walijaa, magari yalijaa. Utabiri wa maji kutoka ofisini kwenu ulikuwa umebandikwa ukutani kwenye chumba cha usukani, kama siku zote. Kilikuwa kipindi cha bamvu, nikajua maji yatakupwa sana, ila utabiri ulisema hata yakipwa kabisa mkondo utabaki na kina cha kunitosha, tena na ziada. Nikang'oa kamba. Tulipofika katikati, kipima kina kikaanza kushuka. Nikamwambia mtu wa mashine apunguze mwendo. Akaniuliza, "Nahodha, kuna nini?" Nikamwambia, "Maji hayapo." Hajajibu, tukagusa. Mwalimu mmoja, mwanamke, alikuwa anapanda ngazi. Akaanguka, akavunjika mguu. Wengine wamepata michubuko na hofu tu.

Kidoti, nilikuwa ndani ya njia. Maboya yalikuwa kulia na kushoto kwangu. Kamati ya uchunguzi inasema maji yalikuwepo, utabiri unaonyesha yalikuwepo, kwa hiyo lazima nilitoka njiani. Nimesimamishwa kazi. Cheti changu cha unahodha kiko kwenye droo ya mwenyekiti wao.

Mama anasema nile. Nakula.

Dada yako


14 Juni

Dada yangu mpenzi,

Barua yako nimeisomea mlangoni, hata viatu sijavua. Pole sana. Pole mara mia. Mpe pole na Mama, najua anavyojifanya jiwe huku moyo unamwenda mbio.

Dada, hakuna asiyekosea. Umevusha watu miaka yote hiyo, ukawazeesha wengine humo kivukoni, leo siku moja tu ndiyo watu waione? Maji yana nguvu. Mtu anaweza kuamini yuko katikati ya maboya kumbe ameshasukumwa pembeni. Usijitese.

Nimeuangalia utabiri wa siku ile hapa ofisini. Uko sawasawa na ule uliobandikwa. Programu hii ya kukokotoa bahari inatumiwa na nchi nyingi, si kitu cha jana. Ushauri wangu, kama utaupokea kutoka kwa mdogo wako: ukiomba radhi mapema, watu husamehe mapema.

Mdogo wako,
Kidoti


19 Juni

Kidoti,

Asante kwa pole. Barua yako nimeirudia, natafuta mahali uliponiuliza niliona nini. Sikupaona.

Mimi sikuamini kwamba niko katikati ya maboya. Niliyaona. Lile jekundu limeliwa na kutu upande mmoja, na ndege hulinyea kila siku ya Mungu. Lilikuwa palepale.

Unasema umeuangalia utabiri ukaukuta uko sawa na uliobandikwa. Hiyo ni sawa na kumwendea mwongo, ukamuuliza kama aliyosema ni kweli, akajibu ndiyo, ukarudi nyumbani umeridhika.

Nimeanza kupaka milango rangi. Mama anasema nikimaliza milango nitampaka na yeye.

Dada


27 Juni

Kobe,

Salamu kutoka kwenye meza uliyoikimbia. Aliyekuja kukaa hapo baada yako anatafuna kalamu. Nilidhani siku moja nitakukumbuka, sikudhani itakuwa mapema hivi.

Nina ombi, na kwa kuwa siku hizi wewe ndiye mtunzaji mkuu wa programu yenyewe, sioni wa kumwendea zaidi yako. Unajua kwamba mwezi wa Machi tulibadilisha ramani ya utabiri, tukausogeza mpaka wa bahari yetu mbali zaidi. Nakuletea faili za mpaka huo mpya. Nakuletea pia vipimo vya mtambo wa kupimia maji wa kule rasini, vile ambavyo mtu hutumwa kuvichukua mara moja kwa msimu. Vililetwa wiki iliyopita na hakuna aliyevigusa.

Iendeshe, linganisha, kisha uniambie unaona nini. Sikuambii natafuta nini wala kwa nini. Najua unavyopenda kuuliza. Mara hii jizuie.

Kidoti


1 Julai

Kidoti,

Mliniita Kobe kwa sababu nilikuwa wa mwisho kumaliza kazi. Mlisahau kwamba sikuwahi kuirudia. Nimeona.

Nitakuandikia kama ninavyoeleza wanafunzi, ili siku ukimwonyesha mkubwa wako asiyejua programu aelewe. Kompyuta haiwezi kubeba bahari yote. Tunakata kipande, na ukingoni mwake tunaweka nukta nyingi. Kila nukta tunaiambia: hapa maji hujaa saa fulani, kwa kimo fulani. Bahari ya ndani inajikokotoa yenyewe kutokana na ukingo. Lakini saa za kujaa tunazijua kwa nukta chache tu. Zilizo katikati, programu inazikadiria kwa kutazama majirani wawili.

Sasa njoo kwenye mpaka wenu mpya. Kuna nukta ambayo maji hujaa saa kumi na moja. Mbele yake kuna nyingine ambayo hujaa saa moja. Iliyo katikati yao itajaa saa ngapi? Mtoto wa chekechea atakuambia saa kumi na mbili. Programu yetu inachukua kumi na moja, inajumlisha moja, inagawanya kwa mbili, inapata sita. Saa sita! Watu wanasubiri magharibi, yeye kaleta adhuhuri.

Basi majirani wote wanapoyatoa maji, nukta hiyo moja inayaingiza. Matokeo yake, maji yakipwa, programu inabakiza maji ambayo baharini hayapo. Wakati wa maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, huwezi kutambua. Wakati wa bamvu, kwenye mlango wa mto wenu, kwa hesabu yangu utabiri umezidisha kama urefu wa mkono wa mtu mzima. Maji yakijaa inakuwa kinyume, yanakuja mengi kuliko tulivyosema, ila nani amewahi kulalamika kwamba chombo chake kimeelea mno?

Kosa ni la siku nyingi. Ila mpaka wenu wa zamani haukupita mahali ambapo saa zinaanza upya, ndiyo maana lililala.

Nimejizuia mpaka mwisho wa barua. Sasa niambie: ni nani aliyekwama?

Kobe


3 Julai

Kobe,

Ni dada yangu. Yule nahodha wa kivuko niliyekuwa nakusimulia, aliyenifundisha kuogelea kwa kunisukuma.

Nilikuwa nimeliona hilohilo kabla sijakuandikia. Sikukuambia kwa sababu sikujiamini. Mwanzoni nilimwandikia kama mtu mwenye kosa, nikamshauri aombe radhi. Akanijibu kwa maneno machache yenye ncha. Ndipo nikaanza kutafuta, na nilitafuta nikitaka sana kupata. Mtu anayetaka sana kitu hukiona hata kwenye mawingu. Nilihitaji macho yasiyo na undugu.

Sasa nimeyapata. Nimwandikie leo? Bahasha ninayo mezani.

Kidoti


4 Julai

Kidoti,

Irudishe bahasha kwenye droo.

Nisikilize kwanza, hasira baadaye. Wewe ni mdogo wa mshitakiwa na ni mfanyakazi wa ofisi iliyotoa utabiri. Kosa likitoka mkononi mwako likapitia kwa dada yako likafika kwenye kamati, watasema mmepika chungu kimoja. Na kosa lenyewe litazikwa hapo, pamoja na nahodha mwingine atakayefuata.

Marekebisho nitayafanya mimi. Watu wawili wasionijua wala kukujua watayakagua. Wewe mpe mkuu wako taarifa, yeye ndiye aipeleke kwenye kamati. Dada yako ataitwa tena, na ataulizwa kwa kiapo: ulijua lini, nani alikuambia? Mwache awe na jibu safi. Hadi hapo mdomo uwe na kufuli, na kwa dada yako ndiyo ufunge mara mbili.

Ni wiki chache. Najua si rahisi.

Kobe


8 Julai

Dada yangu,

Natumaini milango imekauka. Hapa hatujambo. Ile mashine ya ubaridi ofisini bado inadondosha maji, tumeiwekea ndoo, na kila mtu anadhani ni zamu ya mwenzake kuimwaga. Nyumbani nimebadilisha mapazia. Ya zamani yalikuwa yameungua na jua, haya mapya ni ya kijani, marefu kidogo, itabidi niyakunje. Jirani wa juu amenunua viatu vyenye visigino, sasa najua kila anapokwenda.

Mengine ni ya kawaida. Kazi ni zilezile.

Msalimie sana Mama.

Kidoti


15 Julai

Kidoti,

Barua yako ya mapazia nimeipata. Mama amefurahi, anauliza ni kijani gani.

Juzi nilikwenda hospitali kumtazama mwalimu. Mguu wake umening'inizwa kwa kamba. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Ni kweli ulitoka njiani?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi kwa nini mimi niko hapa?" Nilikaa kwenye kiti cha plastiki. Nilimmenyea chungwa nikaondoka.

Jana mwenyekiti wa kamati aliniita. Ana sauti ya upole, kama mtu anayekuuzia godoro. Akaniambia, "Mama, weka sahihi hapa, kwamba kwa bahati mbaya ulitoka kwenye njia. Utapata onyo, mwezi ujao uko usukani. Usipoweka, itatubidi tupendekeze cheti kifutwe." Nikamuuliza kama kuna aliyepima maji. Akasema, "Ya nini kupima? Utabiri upo."

Kuna usiku naamka nikijiuliza kama kweli lile boya nililiona. Nimeanza kutojiamini, Kidoti, na hiyo ndiyo inayoniogopesha kuliko cheti.

Nakuuliza wewe kwa kuwa ni kazi yako. Inawezekana utabiri ulikosea? Nijibu neno moja, ndiyo au hapana. Wamenipa hadi mwisho wa mwezi.

Dada yako


19 Julai

Kobe,

Ameniuliza. Waziwazi, ndiyo au hapana. Anasema ameanza kuyatilia shaka macho yake mwenyewe.

Mkuu wangu ameshaisoma taarifa. Nilidhani atapinga. Alivua miwani akasema, "Kwa hiyo tangu Machi tumekuwa tukiwaambia manahodha wapite mahali ambapo maji hayapo?" Siku hiyohiyo akaagiza kila utabiri utoke na onyo: kwa maji ya bamvu msiutegemee, pimeni wenyewe. Ila kamati hataiandikia mpaka wakaguzi wako wamalize, akienda na nusu ya jambo watamrudisha. Ana haki. Wewe una haki. Kila mtu ana haki, na dada yangu anapaka milango rangi.

Harakisha. Nakuomba, mara hii usiwe Kobe.

Kidoti


20 Julai

Dada yangu,

Swali lako ni gumu kulijibu kwa barua. Mambo ya utabiri yana pande nyingi. Usifanye haraka kuamua. Tafakari, mshirikishe Mama, na mwachie Mungu.

Nakupenda.

Kidoti


29 Julai

Kidoti,

Wakaguzi wamemaliza, wamekubali. Mmoja alinisumbua siku nzima kwa sababu ya nafasi moja iliyozidi kwenye mstari, kwa hiyo ujue amesoma kwelikweli.

Dawa yenyewe ni ndogo hadi inatia aibu. Tumeacha kujumlisha namba za saa. Sasa kila nukta inashika mshale, kama mshale wa saa ya ukutani, na programu inatafuta mwelekeo wa katikati ya mishale miwili. Mshale wa kumi na moja na mshale wa moja, katikati yake unaelekea kumi na mbili. Basi. Ni mistari mitatu tu.

Nimeiendesha upya siku ya dada yako. Vipimo vya rasini na hesabu yetu sasa vinalala kitanda kimoja. Na pale kivuko kilipokwama, saa ile, kina hakikutosha. Hata angekuwa nani usukanini.

Mkuu wako anayo taarifa yote tangu asubuhi. Sasa toa bahasha.

Kobe


2 Agosti

Dada,

Jibu la swali lako ni ndiyo. Utabiri ulikosea. Ulikuwa ndani ya njia, na maji hayakuwepo, kama ulivyosema.

Nilijua tangu mwishoni mwa Juni. Barua yako ya kuuliza iliponifikia nilikuwa nimeshajua. Programu ilikuwa inakadiria vibaya saa ya kujaa maji kwenye nukta moja mpakani, mbali kabisa na kwenu, na nukta hiyo ikawa inaingiza maji pale bahari inapoyatoa. Nikija nitakueleza vizuri. Kobe, mwenzangu wa zamani anayeitunza programu, aliniambia nisikwambie, ili ukiulizwa kwa kiapo uwe na jibu safi, nami nikaona ni kweli: wewe ungekuwa unajua, kamati ingesema tumekubaliana. Jana mkuu wangu alifika mbele yao na taarifa yote. Wameipokea.

Barua ya mapazia niliiandika mara nne. Kila nilipoandika kitu cha maana kilielekea kwenye lile lililokatazwa, nikachana. Yakabaki mapazia.

Wala sijasahau nilichokuandikia mwanzoni kabisa, kabla sijachunguza kitu. Kama umeshaweka sahihi kwa sababu yangu, sijui nitaishi vipi na hilo. Niambie. Hata kama ni kwa kunitukana.

Mdogo wako


9 Agosti

Kidoti,

Nianze na linalokukosesha usingizi. Sikuweka sahihi.

Na nataka ulijue hili vizuri: nilikataa kabla barua yako haijafika, na kabla mkuu wenu hajaikanyaga ofisi ya kamati. Nilijipeleka mwenyewe. Mwenyekiti akasukuma karatasi mbele yangu na kalamu juu yake. Nikamwambia, "Andikeni mnavyotaka, ila si kwa mkono wangu." Akaniuliza, "Mama, umefikiri vizuri? Utafanya kazi gani?" Nikasema, "Najua kupaka rangi." Nikatoka. Nje nikakaa kwenye ngazi za ofisi yao nikalia mbele ya walinzi. Mmoja alinifungulia mwavuli kunikinga na jua. Nilijua nimeuzika unahodha wangu.

Siku ile ukweli ulikuwepo, Kidoti, ila ulikuwa kwako. Mimi nilikuwa na macho yangu tu. Nimekaa nikaona labda ni vizuri ilikuwa hivyo. Kama ningekataa kwa kuwa wewe umeniambia, leo ningekuwa najua programu ilikosea, lakini nisingejua kama mimi najiamini.

Kamati imenirudishia cheti. Mwenyekiti alinipa kwa mikono miwili, sauti ileile ya godoro, akasema wote tumejifunza. Niliulizwa kwa kiapo nilijua lini. Nikasema, "Nilijua nilipogusa mchanga." Jibu safi, kama alivyotaka huyo Kobe wenu. Ana akili, mwambie nimesema. Mwalimu nilimpelekea habari kabla ya mtu yeyote. Akasema, "Basi na mimi nina wa kumuuliza." Anaiandikia ofisi yenu. Mjibuni kwa heshima.

Sasa wewe. Sikulaumu kwa kuficha. Kazi ina kiapo chake, hata mimi nimewahi kuwaambia abiria "tumesimama kidogo" huku mashine inafuka moshi. Nakulaumu kwa mapazia. Nilikuwa nazama, na mdogo wangu ananieleza urefu wa kitambaa. Mama alikuwa anaisoma kwa sauti na mimi nimempa mgongo, nikimwambia rangi imeniingia machoni. Na ile ya "tafakari, mwachie Mungu" niliitupa jaani, nikairudia, nikaitupa tena.

Ungeandika maneno mawili tu: siwezi kusema. Dada, siwezi kusema. Ningeelewa kwamba lipo jambo, na kwamba halijakutoka moyoni. Ningelala. Ukinyamaza nifungulie hata dirisha, nijue uko ndani.

Hayo yameisha, nimeyatoa. Jumatatu nilivusha tena. Kabla sijang'oa kamba nilimtuma baharia akapime kina kwa kamba yenye uzito wa risasi nchani, ya kizamani kabisa, vijana wakacheka. Utabiri wenu mpya na kamba yangu vilikubaliana. Bado nitaendelea kupima.

Njoo. Chumba chako nimekipaka rangi.

Dada yako


16 Agosti

Dada,

Nimelia, nimenawa, nimeomba likizo. Ijumaa nipo.

Kuna jambo jingine. Linakuhusu wewe na ofisi yetu, mkuu ameliandika lakini halijapitishwa, kwa hiyo siwezi kusema.

Siwezi kusema, Dada. Lakini lipo, na si baya, na siku nitakaporuhusiwa utalisikia kabla sijavua viatu.

Kidoti